Tanner Amefukuzwa kwa Kuita Ambulensi

Colby, uko? Wamemfukuza Tanner, yule mpole aliyejiunga juzi na chama chetu cha udugu hapa chuoni na kuhamia nyumba yetu.

Kosa lake? Kuita ambulensi!! Jana mwenyekiti wetu, Garrick, alilewa chakari akazimia, midomo ikageuka bluu. Wote wakasema, “Mwache alale, chuo kikijua tumekwisha.” Tanner akapiga simu. Garrick akapona.

Amepona, halafu leo amepiga kura Tanner atoke! Ati, “Huyo msaliti.” Msaliti, Colby!

Na mimi ndiye ninayewafundisha wapya maadili: ndugu akizidiwa, ita msaada. Mimi huyohuyo nikatumwa kumwambia afungashe.

Akaniuliza, “Kaka, nimekosea wapi?”

Nikambebea begi hadi mlangoni.