Chapati Zilizoiva Kabla ya Matokeo

Jumamosi. Houston imeamka na joto lile la kunatisha blauzi mgongoni hata kabla jua halijapanda. Leo nimefanya mtihani.

Kwa asiyenijua, mimi ni nesi, naishi mtaa wa Sharpstown, na kwa miaka kadhaa nimetamani kusomea shahada ya uzamili ili nimtibu mgonjwa na kumwandikia dawa mwenyewe, si kungoja kuamriwa. Shule niliyoichagua haina neno na uzoefu wangu. Inataka tu alama za ule mtihani wa kujiunga unaofanywa kwenye kompyuta, wa Kiingereza na hesabu, ambao hata anayetaka kusomea historia hupewa. Zikifika kiwango chao, naingia. Zisipofika, nabaki nilipo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba maombi.

Si kwamba maombi ni mabaya. Ila sisi Wakenya wa hapa hatujui kumwombea mtu kimyakimya. Jumapili iliyopita kanisani niliitwa mbele, nikawekewa mikono, siku ya mtihani ikatangazwa, na kufikia jioni hata binamu zangu wa Fort Worth walikuwa wanafunga kwa ajili yangu. Tena hatujui kungoja. Ukiomba kwa imani unashukuru papo hapo, na kwetu shukrani hupikwa.

Kule kwenye mtihani nilivua saa, nikageuza mifuko nje, nikainua mikono nikaguliwe kama mwizi wa kuku. Kiingereza kilikwenda vizuri. Insha niliifungua kwa methali, kama tulivyofunzwa nyumbani, na sijutii.

Hesabu ndiyo iliyonimaliza. Lilikuja swali la mabomba mawili yanayojaza tangi huku tangi lenyewe linavuja. Nililianza, likakataa. Mtu mwingine angeliacha aendelee mbele. Lakini mimi nilisomeshwa na mwalimu aliyeamini kuwa kuruka swali ni woga, na aliyeruka alilifanyia ubaoni huku darasa zima likimtazama. Basi nikakaa na lile tangi langu kwa heshima zote. Nilipolimaliza, muda ulikuwa umeyoyoma, na maswali mengine yakafungwa kabla sijayasoma.

Nina hakika tangi nililipata.

Nimefikiri sana juu ya mtihani huu nikiwa garini, na sitaki kuusingizia. Haukunichukia. Haukujua hata jina langu linavyotamkwa. Lakini unapima kasi, na mimi nililelewa kupimwa uvumilivu. Wodini uvumilivu huo umeokoa watu, kwa sababu mgonjwa asiyeeleweka huwezi kumruka ukaenda kwa yule rahisi. Mbele ya skrini umenizamisha. Naona ni haki kuniuliza hesabu, maana dozi hukokotolewa. Sioni haki kunihukumu kwa asubuhi moja tu.

Alama zilitokea mwishoni, kabla sijainuka kitini. Za Kiingereza zilinifurahisha. Za hesabu zilikuwa chini ya kiwango cha shule, wala si chini kidogo.

Nililia kwenye maegesho. Kisha nikanawa uso kwa maji ya chupa nikaenda nyumbani, nikitaka kulala tu.

Binti yangu Natasha alikuwa ameshawafungulia wageni mlango. Kina mama wote wa kikundi cha maombi walikuwa sebuleni, pamoja na Mama Mchungaji anayetuongoza. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na keki iliyoandikwa Hongera, na chapati za Mama Imani, mmoja wao, zilikuwa zimefunikwa kwa taulo mezani. Walinipigia vigelegele kabla sijaweka funguo chini. Waliniuliza ilikuwaje.

Nikasema matokeo yatatoka baada ya wiki mbili.

Ulitoka mdomoni laini kabisa, uongo ule. Wakaitikia amina, tukala. Nikiwa natafuna nikaanza hata kuupangia kesho yake: baada ya wiki mbili nitasema barua imechelewa, baadaye nitasema zamu zimenibana, na mwisho watu watasahau kuuliza. Nami nitaacha kujaribu. Nilijua kabisa kwamba nitaacha, na niliona afadhali hivyo kuliko kuwaambia waliofunga na kupika kwamba nimeanguka.

Nilikwenda jikoni kuosha sahani. Mama Imani akanifuata, akachukua kitambaa cha kukaushia, akafuta sahani mbili tatu. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Natasha, ile test huonyesha marks hapo hapo kwa screen, kabla utoke."

Nikamwuliza amejuaje.

"Niliifanya mwaka ule Imani alianza shule. Nikafeli. Na mlikuwa mmeniombea wote, sasa ningewaambia nini? Nikasema watoto bado wadogo, wacha ningoje kidogo. Imani sasa ana-drive."

Tumekaa kanisa moja naye miaka yote hiyo. Nilikuwa nikidhani hana haja ya kusoma zaidi, kwamba ameridhika na kazi yake ya nyumba ya wazee. Nilitaka kumwomba msamaha lakini sikujua wa nini hasa. Nikamkumbatia na mikono yangu ikiwa bado na povu.

Tukarudi sebuleni. Mama Mchungaji alikuwa amesimama tayari kufunga kwa sala. Nikamwomba angoje. Nikawaambia kwamba alama nimeziona, hesabu nimeanguka, na ile hadithi ya wiki mbili nimeitunga mlangoni kwa aibu. Nikasema nataka kurudia.

Mama Mchungaji akauliza, bila kelele yoyote, narudia lini, ili wajue siku ya kuniombea.

Kabla sijajibu, Mama Imani akaweka kitambaa chini.

"Mkiomba, ombeeni watu wawili."

Walimgeukia wote. Hakueleza kitu, na hakuna aliyemlazimisha. Mama Mchungaji alimsogezea kiti karibu na changu, akatuwekea mikono, wa kulia kwake na wa kushoto kwangu, na safari hii sala ilikuwa fupi.

Jumatatu tunajiandikisha kwa mtihani. Siku yenyewe tutakwenda kwa gari moja.