Mafuta ya Katwe Hayafai Hima

Mpendwa mke wangu, Mama Masika,

Nakusalimu kwa heshima unayostahili, na naomba unisikilize katika jambo ambalo nimelizunguka kwa majuma kadhaa bila kulifikia. Binti yetu wa kwanza, Masika, ameitwa kazini katika kampuni ileile ya ulinzi uliyoitumikia hadi ugonjwa ulipokuondoa kwetu. Wanataka ashike nafasi yako, yaani kutunza bunduki za walinzi katika stoo ya Bwera na kuzikagua vituoni. Mkuu wa kituo amekubali, naye mwenyewe amekubali. Lakini aliniwekea kiti uani, akapiga magoti mbele yangu kama ulivyomlea, akasema kwamba hataanza kazi hiyo bila baraka yangu. Mimi, ambaye kila siku huwaandikia watu maombi yao pale mezani kwangu karibu na mpaka, nilimjibu kwa maneno mawili tu. Nilimwambia, "Nipe muda." Muda huo umeisha leo, na sasa nimekaa kukuandikia wewe.

Unakumbuka jinsi watu walivyotushangaa tulipooana. Walisema mwandishi wa maombi amemuoa koplo wa walinzi, na kwamba nyumba yetu itatawaliwa kwa amri. Haikuwa hivyo. Kilichotawala nyumba yetu kilikuwa harufu. Uliporudi jioni ulinukia mafuta ya taa, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine nyepesi zaidi, ya mafuta ya cherehani. Nilizoea kujua kutokana na nguo zako ulikuwa umeshughulika na nini mchana kutwa. Siku za mafuta ya taa, ulikuwa umesafisha masizi. Siku za grisi, nilijua umeandaa bunduki za mahali penye unyevu. Sijapata kumwambia mtu yeyote kwamba harufu hizo zilinipendeza kuliko manukato.

Nakumbuka hasa misumari yako. Hukuwa mtu wa kuamini maandishi ya kopo. Kila aina mpya ya mafuta ilipoletwa stoo, ulichukua misumari mipya, ukaipaka, ukaifunga kwenye waya na kuwapa walinzi wakaitundike vituoni: mingine Katwe, kando ya ziwa la chumvi, mingine Hima, kwenye vumbi la saruji, na mingine Kilembe, bondeni, ambako ukungu hauondoki mapema. Iliporudi uliipanga juu ya meza yangu, juu ya karatasi za wateja wangu.

"Baba Masika, angalia hii ya Katwe. Imekufa kabisa. Na kopo inasema eti inazuia kutu!"

"Mama Masika, hii ni meza ya maombi," nilikujibu.

"Basi na mimi naomba. Ondoa karatasi."

Niliziondoa. Ningefanya nini? Nawe ukaniinamisha nitazame misumari kana kwamba nami ningeitwa stoo kesho yake. Ulinieleza kwamba chumvi ya Katwe haiondolewi kwa mafuta. Ukipaka mafuta juu yake, unaifungia ndani. Kwanza ni kitambaa chenye maji safi, halafu kukausha, kukausha tena, ndipo mafuta mazito kidogo nje ya chuma yazuie hewa ya ziwa. Ulinieleza kwamba Hima ni kinyume chake: mafuta mengi pale ni adui, kwa sababu vumbi la saruji hushikamana nayo hadi bolti ya kukokia igome, na kwa hiyo bunduki ya Hima hupakwa mafuta mepesi, kisha hufutwa mpaka kidole kikipita kibaki karibu kikavu. Bunduki za Kilembe ulizipaka grisi, lakini kidogo, na pale tu ambapo chuma husugua chuma. Mtutu uliufuta ndani siku zote kabla bunduki haijatoka, maana mafuta yaliyobaki mle ni hatari kwa yule anayeishika. Oili chafu ya injini, ambayo madereva wa malori waliwapa walinzi bure, uliikataza kabisa. Mimi nilisikiliza kama mtu anayesomewa sheria iliyoandikwa vizuri, isiyo na neno la ziada.

Lakini kama ningetakiwa kueleza kwa tendo moja ulikuwa mtu wa namna gani, ningeeleza siku ya Bwambale. Nilikuwa nimekuletea chakula, nikakaa kwenye benchi la nje ya stoo wakati walinzi wa Kilembe walipoleta silaha zao zikaguliwe. Bwambale alitangulia, kifua mbele. Bunduki yake ilikuwa inang'aa, na rangi yake ilikuwa nyekundu nyekundu.

"Afande Mama, angalia yangu. Iko kama bibi arusi!"

Uliipokea kama ulivyozipokea zote. Uliielekeza kwenye magunia ya mchanga, ukatoa magazini, ukavuta bolti uone kama chemba ya risasi ni tupu. Bolti ilitoka polepole, kama mwiko ndani ya ugali wa posho uliopoa. Uliinusa.

"Bwambale, ulikuwa unapika nini humu? Iko na kitunguu?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabarani. Bwambale alijitetea: "Afande, ile mafuta uliyotupa iliisha. Yule mama ya Butembo, ule wa soko, alisema mawese yake ni ya muzuri, ata chuma inapenda."

"Ni ya muzuri kwa kupika majani ya sombe. Sasa Kilembe asubuhi na ile baridi, mawese inaganda. Mwizi akikuja utamwambia nini? Ndugu, ngoja kidogo, bunduki yangu haijaamka?"

Nilidhani utamwandikia mashtaka. Mwingine angemwandikia. Badala yake ulimvutia kigoda, mkaikongoa bunduki pamoja, mkaosha mawese kwa mafuta ya taa, mkafuta, mkakausha, mkapaka upya. Alipoondoka ulimpa chupa mbili ndogo badala ya moja. Njiani nilikuuliza kwa nini ulimwachilia. Ulinijibu kwamba mlinzi mzembe angeiacha bunduki ikauke ishike kutu, lakini huyu alitoka kwenda kuitafutia mafuta kwa fedha yake mwenyewe. "Alikosa mafuta, hakukosa moyo," ulisema. "Makosa ni ya stoo. Stoo ni mimi." Katika miaka yangu yote ya kuandika malalamiko ya watu dhidi ya wakubwa wao, sijakutana na mkubwa aliyeyasema maneno hayo bila kulazimishwa.

Sasa nifike kwenye hofu yangu. Palikuwa na vipindi ambapo habari za risasi zilivuka mpaka pamoja na wakimbizi, na njia zikawa na wanajeshi wengi. Hata wakati huo ulipanda gari la vituo kwenda kukagua, kwa sababu ulisema kwamba siku za namna hiyo ndizo mlinzi anahitaji kuiamini silaha yake. Ulikwenda. Mimi nilibaki na watoto, nikajifanya naandika. Sikukuomba uache kazi, wala sikujuta kutokuomba. Lakini Masika aliponipigia magoti, mwili wangu ulikumbuka kila jioni ya namna ile.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimsindikiza stoo alipoitwa kuonyeshwa kazi. Kusema kweli, nilikwenda nikitafuta sababu ya kumkatalia. Nilijiambia kwamba huenda mtoto huyu hatafuti kazi bali anamtafuta mama yake katika vyombo alivyovishika, na kama ni hivyo nitakuwa na haki ya kusema hapana. Bwambale alikuwepo. Siku hizi nywele zake zina mvi, naye ndiye msimamizi wa zamu. Mkuu wa kituo alimpa Masika bunduki zilizokuwa zimetoka Katwe asubuhi ile, zinazopaswa kwenda Hima mchana.

"Haya, binti ya Afande. Pakaza vile mama yako alikuwa anapakaza, gari inangoja," mkuu akamwambia.

Masika alizikagua kwanza, moja baada ya nyingine, mdomo wa bunduki kwenye magunia, magazini nje, chemba wazi. Kisha akaziweka mezani.

"Hapana, afande."

"Eh! Imeanza," akasema Bwambale.

"Mama alikuwa anapakaza hapa Bwera, bunduki inaenda inakaa. Ya Katwe ni ya Katwe, ya Hima ni ya Hima. Sasa munahamisha walinzi kila wakati na bunduki inatembea nao. Hizi iko na mafuta nzito ya chumvi. Ikifika Hima hivi, ile vumbi ya simenti itaingia inakuwa kama unga kwa maji."

"Kwa hiyo mama yako alikosea?" mkuu akauliza.

Damu ilinipanda kichwani, Mama Masika. Nilikaribia kusimama.

"Mama hakukosea, afande. Lakini kufanya leo vile alifanya zamani, hiyo ndiyo itakuwa makosa." Akashika kitambaa. "Mafuta ikae kwa kituo, isifuate bunduki. Kila kituo iko na chupa zake. Bunduki ikifika, mulinzi anatoa ya zamani yote, anakausha, anapakaza ya pale. Nitawafundisha."

"Na wakisahau?"

"Nitaenda kuangalia."

"Wewe? Mpaka Katwe, kwa jua ile?"

"Mama alikuwa anaenda na nini, afande? Na mabawa?"

Bwambale alicheka hadi akajishika ukutani. "Afande, huyu umuachie tu. Ule wa kwanza alinishinda, na huyu amekuja kumaliza." Mkuu alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaamuru gari lisubiri. Masika alizikongoa bunduki zile mbele yetu na kuanza upya.

Nilikaa kwenye benchi nikimtazama. Kama angefanya kila kitu kama wewe, ningemhurumia, nami ningemkatalia kwa upole. Lakini alikuwa amechukua kile kilichokuwa ndani ya kazi yako, yaani kutazama mahali kabla ya kutazama kopo, akakitumia kwa hali ambayo wewe hukuikuta. Alithubutu kusimama dhidi ya jina lako mbele ya watu wanaoliheshimu, kwa ajili ya walinzi ambao hata hawajamjua vizuri. Hapo nilitambua kwamba sikuwa na sababu tena. Nilibaki na hofu peke yake, na hofu yangu si hoja halali ya kumzuia mtu mzima asifanye kazi anayoiweza.

Leo asubuhi nilimwita uani. Alipiga magoti, nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikampa baraka kwa utaratibu kamili: nikamtaja baba yangu na baba yako, nikautaja mlima wetu na Mungu aliyeuweka, nikataja uaminifu, utii usio wa kipofu, heshima kwa wadogo na kwa wakubwa. Sikupunguza chochote. Nilipofika mahali pa kutaja majirani, alifungua jicho moja.

"Baba, umemaliza? Miguu imekufa ganzi."

"Imebaki sentensi moja," nikamwambia.

"Ile ndefu ama ile fupi?"

"Fupi. Kila ukienda, urudi."

Hakucheka. Alishukuru kwa lugha yetu, "Wasingya, Baba," akainuka akishika goti langu, akaingia ndani kupiga pasi sare yake. Gari la vituo lilimpitia kabla jua halijakuwa kali. Sasa ni jioni ninapokuandikia, bado hajarudi, na kila gari linalopunguza mwendo karibu na lango letu linanisimamisha kalamu. Nimekubali kwamba hii ndiyo sehemu yangu katika kazi yake, kama ilivyokuwa katika kazi yako, na nitaitimiza bila kulalamika kwa mtu yeyote isipokuwa wewe.

Pumzika, mke wangu. Stoo ya Bwera ina mtu.

Nabaki wako, kwa heshima na kwa mapenzi,

Mume wako,
Baba Masika