Kurasa Kumi na Sita za Biolojia

Jumatatu. Mawingu tangu asubuhi, na mvua bado haijaamua kunyesha. Nina hasira, na safari hii wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe, jambo ambalo sijalizoea.

Blogu hii haina jina langu, ndiyo maana naandika. Mnaonifuata mnajua kazi yangu tu: mkutubi wa serikali hapa Songea, mwaka wa kumi na tisa sasa, meza ya kwanza ukiingia. Nasifika kwa ukali. Sijawahi kukataa sifa hiyo.

Wiki tatu zilizopita nilimfungia msomaji. Anaitwa Salima, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa kijiji cha Nakapanya aliyehamia mtaa wa Bombambili hapa mjini. Anafanya usafi kwenye zahanati, na akitoka kazini anakuja kwangu kusoma. Kidato cha nne alifeli Biolojia, na bila Biolojia chuo cha uuguzi hawampokei. Mwaka huu anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kitabu anachosomea tunacho kimoja tu. Hakitoki nje. Unaandika jina kwenye daftari, unasomea ndani, unakirudisha mezani.

Jioni ile alikirudisha akasema, kwa adabu zote, "Madam, humu kuna kurasa hazimo." Nikafungua. Kurasa kumi na sita hazimo, sura nzima ya urithi. Nikatazama daftari: jina la mwisho lake, la kabla ya hapo lake, la kabla ya hapo pia lake. Nikamwambia wezi wa siku hizi wajanja, wanakuja kujishtaki wenyewe ili wasishukiwe.

Sikuishia hapo. Niliumwaga mkoba wake mezani mbele ya wanafunzi wa sekondari. Daftari, ufunguo, kipande cha muhogo wa kuchemsha, khanga iliyolowa, taulo za kike. Wanafunzi wakacheka. Niliwasikia, nikaendelea kupekua polepole. Naandika “polepole” kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilifurahia.

Kurasa hazikuwemo. Nikasema basi ziko nyumbani kwake. Nikachukua kitambulisho chake cha usomaji, nikabandika jina lake ubaoni, halafu nikampigia simu mdhamini wake, muuguzi mkuu wa ile zahanati. Kwetu huwezi kuwa mwanachama bila mtumishi wa serikali kukuwekea sahihi. Muuguzi akasema sahihi yake anaiondoa, yeye hamdhamini mtu anayechana vitabu.

Leo asubuhi nilikuwa natafuta pini kwenye droo. Sasa, sisi tuna utaratibu: kurasa zikilegea unazitoa zote kabla hazijapotea, unazitia kwenye bahasha ya mfunga vitabu, na ndani ya kitabu unaacha kikaratasi cha kueleza zimekwenda wapi. Chini kabisa ya droo nikakuta bahasha. Juu yake: "Biolojia, 211–226." Mwandiko wangu. Ndani zimo kurasa, na kikaratasi chenyewe kimo humo humo, nimekiandika vizuri kabisa, nikakitia kwenye bahasha badala ya kitabuni.

Nilikaa chini.

Saa saba nikapanda bodaboda hadi zahanati. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: Salima, nimekukosea, kurasa nilizitoa mimi. Maneno matano tu, hata mtoto anayamudu.

Nikamkuta anapiga deki korido. Muuguzi mkuu kasimama pale pale, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Salima akaweka dekio chini, akapiga goti. "Shikamoo, madam." Baada ya yote yale. Nikaitikia marahaba, na watu wote wakanigeukia.

Nilichosema ni hiki: "Salima, nimekusamehe. Kesho uje usome."

Muuguzi akafurahi kweli. "Unaona? Madam ana huruma. Mshukuru." Naye akanishukuru. Akasema Mwenyezi Mungu anilipe heri, akajifuta machozi kwa mkono wenye povu la sabuni. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, nisikie mimi peke yangu: "Lakini sikuchana, madam. Wallahi."

Nikamjibu, "Hayo yameshapita."

Zile wiki tatu nilikosea bila kujua. Leo nilikuwa najua. Sina pa kujificha hapo, na nimejaribu tangu mchana.

Mtihani wake ni Alhamisi. Kesho atakuja, atakaa meza ya dirishani, ataomba kitabu kile kile. Nikizirudisha kurasa atazikuta, na hatahitaji kuambiwa kwamba nilimsamehe kosa langu mwenyewe. Atawaambia watu, na ana haki. Nisipozirudisha, ataingia kwenye chumba cha mtihani bila sura ya urithi, na mimi nitabaki madam mwenye huruma.

Bahasha nimekuja nayo nyumbani. Nimesali, nimepika, sijala. Najiuliza kesho nitafanya nini, na kila nikijiuliza namwona amepiga goti mbele ya wale watu, ananiombea heri.

Mungu anisamehe, napenda kumwona vile.