Waliniita Kwenye Usaili, Nikasema Huyo Mtu Arukwe

Mpendwa mshauri,

Anayekuandikia ni fundi cherehani anayegombaniwa na hospitali kubwa. Haya, nimetia chumvi. Ni mimi ninayeigombania hospitali, yenyewe haijui hata kama nimezaliwa, na hapo ndipo naomba msaada wako.

Tangu nivae kaptura mtaa mzima unaniita Kifungo, mke wangu ananiita Kifungo, hata wanaonichukia wananichukia kwa jina hilo, ila kwenye kitambulisho kuna jina jingine ambalo marehemu baba alinipa ili kumfurahisha mwenye nyumba wetu, na mwenye nyumba akatufukuza vilevile, basi nikalikunja nikalitupa kabatini. Sasa macho bado yananiruhusu kutunga uzi, lakini wateja siku hizi wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, cherehani inalala kuliko mimi, nikasikia hospitali inatafuta mtu wa kushona mashuka na mapazia ya wodi, mjukuu wangu akaniandikia maombi kwa jina la kitambulisho, akasema, "Babu, ofisini hawaajiri vifungo."

Siku ya usaili tukakaa kwenye benchi, mafundi watupu, tukichambuana mishono ya mashati, karani akatoa kichwa mlangoni akaita jina fulani, kimya, akaita tena, kimya, nami nikaona huyo bwana anatuchelewesha, nikapaza sauti, "Kama hataki kazi si alale kwake! Mruke huyo!" Benchi zima likacheka, karani akamruka. Wenzangu wakaingia na kutoka mpaka nikabaki mimi na ufagio.

"Mzee, unamsubiri mgonjwa?" karani akaniuliza.

"Nasubiri kuitwa. Mimi Kifungo."

"Kifungo hayumo. Aliyebaki ni yule uliyesema tumruke."

Mshauri, jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nikasema, "Basi nikimwona nitamwambia," nikaondoka zangu.

Usaili unaendelea Alhamisi. Nirudi? Na nikirudi, niwe nani?

Fundi Kifungo


MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Kifungo, shikamoo. Nimekuonea huruma, ila nilianza kwa kucheka, unisamehe. Sasa niruhusu nikugombeze kama binti yako: kosa lako si jina, ni kutoroka. Kazi ilikuwa mlangoni, wewe ukaiaga kwa utani!

Kutaka kuitwa jina lako la kila siku si aibu wala si udanganyifu. Lakini ofisi haioti ndoto. Usipowapa majina yote mawili, watakuulizia mtaani kwa jina la kabatini, na mtaa utaapa kwamba hujawahi kuishi hapo. Mjukuu wako naye alikosea kumficha Kifungo. Ndiye mwenye sifa, yule mwingine hajawahi kushona hata leso.

Rudi kesho, usingoje Alhamisi. Mwambie karani ukweli wote, na aibu yake ndani. Kwenye maombi liandikwe jina la kitambulisho, na kando yake "anajulikana kama Kifungo". La kitambulisho ni la mkataba na benki, hapo usilete ubishi. Kifungo ni la watu kukuita. Wadhamini wako wajue yote mawili. Na leo jioni mkeo akuite hilo jina la baba mpaka ugeuke bila kufikiri. Ndiyo, atakucheka. Mwache acheke.


Jibu hili tulimsomea mzee kwa simu kwanza. Gazeti lilipokaribia kwenda mtamboni, akatuletea neno:

Nilirudi, mshauri. Karani alilaza kichwa mezani akacheka mpaka mama mkuu wa mashuka akatoka kuuliza kuna msiba gani, akanipa shuka lililochanika nilishone pale pale mbele yake, akalivuta huku na huku, mshono ukakataa kuachia. Nimeanza kazi. Yule wa kitambulisho ndiye aliyesaini mkataba na ndiye anayelipwa, mimi Kifungo ndiye ninayeinamia cherehani, na mpaka sasa hatujagombana.

Sasa na wewe nisaidie. Mhariri wako nilimtengenezea zipu ya suruali, siku ambayo alikuwa na dharura kweli kweli, akaniahidi gazeti moja la bure. Mpaka leo. Mkumbushe aniwekee hili, na juu yake aandike kwa kalamu kwamba ni la Kifungo, maana pale hospitali magazeti yana miguu.