Fundi wa Mwingi Ndani ya Meli Iliyozama

Jumamosi, 4 Januari

Mizunguko arobaini leo. Kidimbwi cha hoteli hapa Kitui mjini kilikuwa kitupu, majani ya mwarobaini yanaelea juu. Mwaka jana nilishika ukingo wake nikatetemeka kama mbuzi anayesukumwa kwenye dipu ya dawa ya kupe. Leo Kyalo, mwangalizi wa kidimbwi aliyenifundisha kuogelea, hata hakuniangalia. Alikunywa chai yake. Hiyo kwangu ni sifa kubwa.

Kyalo ana cheti cha kuzamia tayari. Lakini mtu hazamii peke yake kutafuta aliyezama. Lazima wawe wawili. Wa pili ni mimi.

Mabega yanauma. Jumatatu nirudi Mwingi, karakana yangu ina milango mitatu ya chuma inayongoja kuchomelewa.

Jumapili, 12 Januari

Zombe, nyumbani. Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa lote. "Tumwombee dada yetu Mwende, hii roho ya maji imwachilie." Wakapaza sauti. Mimi nilisimama macho wazi. Nilikasirika. Sikuwa nimeomba kuombewa.

Nyumbani Mwaitu, mama yangu, akanimalizia: "Maji imekula mmoja. Unataka ikule wawili?"

Jibu ninalo, ila ni kali mno kwa mama.

Kalekye, dada yangu mdogo, aliteleza bwawani akichota maji, akazama. Tulijua mchana huo huo aliko. Tukakaa ukingoni siku tatu tukingoja wazamiaji watoke Pwani, kwa sababu huku kwetu hakukuwa na hata mmoja. Siku tatu. Wanaume wenye nguvu zao wamekunja mikono. Na mimi nilikunja. Sitakunja tena.

Nimefunga begi.

Jumatatu, 20 Januari

Pwani, siku ya kwanza. Joto linakubandika nguo mwilini. Mwalimu wetu wa kuzamia anaitwa Salama, mzaliwa wa huku, umri wake labda thelathini. Mimi nina arobaini na mmoja. Wanafunzi ni wanne. Wengine watatu ni vijana wa mji, wamekuja kustarehe.

Mmoja akauliza natoka wapi. Nikamwambia Kitui. Akacheka: "Huko si hata mto hauna maji?"

Nikamwambia hayo machache tuliyo nayo yanaua watu vizuri tu.

Jumatano, 22 Januari

Nimeiona meli.

Nataka kuiandika vizuri. Ilizama zamani, imekaa mchangani mita kumi na mbili tu, imeegemea ubavu kama ng'ombe aliyelala. Maji ni vuguvugu, na jua linafika hadi chini. Samaki wa manjano wanaingia na kutoka madirishani kana kwamba wana kazi humo. Mkunga mmoja, samaki mrefu kama nyoka, amefanya makao kwenye bomba, anafungua mdomo, anafunga.

Wenzangu walitazama samaki. Mimi nilitazama chuma. Mabamba yameliwa na chumvi, mengine unaweza kuyatoboa kwa kidole. Lakini karibu na mlingoti kuna mshono wa kuchomelea wa fundi fulani ambao bado umeshika. Nikaupitishia kidole. Kazi safi. Sijui alikuwa nani. Nilimheshimu.

Sikuogopa hata kidogo. Mchungaji angeniona.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeaibika.

Wale watatu wamemaliza mafunzo yao ya starehe. Mimi nabaki kwa mafunzo ya kutafuta mtu. Maji ya mabwawa yetu ni kama chai ya maziwa, huoni mkono wako. Kwa hiyo Salama alifunika kioo cha miwani yangu kwa plasta nyeusi. Tumboni mwa meli alikuwa ameweka gunia la mchanga, amelivalisha shati. Kazi yangu: nifuate kamba nikipapasa, nilipate, nilitoe. Yeye ubavuni mwangu muda wote.

Nilifuata kamba. Nikapapasa sakafu. Kisha vidole vikagusa kitambaa. Kola. Vifungo.

Basi. Nikaachia kila kitu. Niling'oa miwani, nikampiga Salama teke nikitafuta mlango, nikapanda juu mbio. Hicho ndicho kitu cha kwanza walichotukataza.

Mashuani alinikaripia mbele ya nahodha. "Dada Mwende, ungepasua mapafu kwa kupanda mbio hivyo! Unanisikia? Ungekufa, na mimi ningekuwa nimekuua!" Alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilitapika.

Hajakosea. Ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 24 Januari

Daktari amenipima. Mapafu mazima. Nisizamie siku mbili.

Salama alikuja na maandazi, hasira zimeshapoa. Akasema nichukue cheti cha kawaida nirudi nyumbani, si kila mtu ameumbwa kwa kazi ya maiti. Alisema kwa upole. Upole wake uliniudhi kuliko makaripio.

Nikamweleza habari za Kalekye. Sikuwa nimemwambia. Nikamwambia watu wazamao kwetu ni watu wa kwetu, na mkono utakaowatoa uwe wa kwetu.

Akala andazi lote. Halafu: "Ukishika shati na moyo ukaruka, usifanye chochote. Pumua mara tano. Hofu haitaondoka. Wewe tu usiondoke."

Jumapili, 26 Januari

Mwaitu hakupokea simu. Kyalo alipokea. Nikamwambia ukweli wote. Akasema yeye pia alipanda mbio mara ya kwanza. Mwaka mzima hakuwahi kunitajia, huyu mtu!

Sijaenda kanisani. Nimeomba mwenyewe, kwa maneno machache. Sikuomba nisiogope.

Jumatatu, 27 Januari

Nimelitoa.

Giza, kamba, sakafu. Kola. Moyo ukaruka vilevile kama Alhamisi, hakuna kilichopungua. Nikabaki. Pumzi moja. Ya pili nikalia ndani ya miwani. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha nikalikumbatia gunia kwa mikono miwili, nikageuka, nikaifuata kamba hadi niliposikia mkondo usoni nikajua tumetoka.

Salama akanibandua plasta. Mwanga wote ule wa buluu. Samaki mmoja mkubwa, chewa, alikuwa ananitazama kana kwamba nimechelewa.

Akaniamuru nirudie. Nikarudia mara tatu.

Jumapili, 2 Februari

Zombe. Sikwenda mbele ya kanisa, na hakuna aliyeniita.

Mchana nilikaa na Mwaitu jikoni tukichambua pojo. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Huko chini kuna nini?"

Nikamwambia habari za meli. Samaki madirishani, mkunga kwenye bomba, mshono wa yule fundi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za msiba, kwa heshima.

"Na baridi?"

Nilijua anachouliza. Nikaweka ungo chini.

"Baharini hakuna. Kwetu bwawani kuna baridi, Mwaitu. Lakini Kalekye hakuisikia. Alikuwa ameshaenda."

Akatikisa kichwa polepole. Akaokota kijiwe kwenye pojo, akakitupa mlangoni. Kingine.

"Wakikuita bwawani," akasema, "enda."

Tukamaliza ungo. Nikawasha moto.