Sehemu za Mwisho za Kikosi cha Ngurumo

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi huku wazima wote, ila jino langu la nyuma linacheza. Mama kanikataza kulisukuma kwa ulimi, nami nalisukuma. Wewe je? Mgongo umepoa? Lifti za huko bado zinakwama na watu ndani?

Nina habari kubwa, keti kwanza. Kikosi cha Ngurumo kimepatikana! Si zile sehemu za mwanzo tulizoangalia mimi na wewe kabla hujaondoka. Ni za mbele, zile ambazo kituo kilikata ghafla kikaanza kuonyesha mapishi, ukapiga simu ukawagombeza wakakukatia. Najua hupendi nikimtaja mume wa Mama, lakini ni yeye Baba Mkate aliyezikuta kwa fundi televisheni. Kuanzia sehemu ya thelathini na moja mpaka ya hamsini, ndiyo mwisho kabisa. Zimetiwa sauti za Kiswahili, ila Wajapani wanafunga mdomo na maneno bado yanaendelea kutoka.

Sasa hawako watano tena, Baba! Mwekundu, Bluu, Manjano, Kijani na Waridi wamezidiwa na madubwana, jiji lote limebomoka, mara akashuka wa sita. Anaitwa Wa Fedha na hasemi anatoka wapi. Mimi na Baba Mkate tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Hiyo moja tumeirudia mara mbili.

Binti yako

*

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ndio unaoniamkia kila asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Lifti zinakwama, na zikiacha kukwama mimi sitakula. Jino liache lianguke lenyewe.

Barua yako nilianza kuisoma juu ya paa la lifti, ghorofa ya nane, nikaimalizia chini, na kote huko haikunifurahisha. Huyo mume wa mama yako anakaa wapi mnapoangalia? Kwenye kiti changu, kile chenye mkono uliolegea? Anajua kwamba mashine tano zikiungana kuwa jitu moja la chuma, sisi tunaoangalia, aliyekaa kulia anainua ngumi na wa kushoto anafanya mlio? Nani siku hizi anafanya mlio? Usinijibu. Au nijibu.

Siku naondoka, pale kwenye basi, ulinishika shati ukaniapisha kwamba zilizobaki tutazimaliza mimi na wewe, hata tukizeeka. Nikaapa mbele ya kondakta. Sasa naona wenzangu wameshafika mbele, mimi niko nyuma nabeba mabegi.

Mwambie hivi, tena umsomee: Kikosi cha Ngurumo ni cha binti yangu na mimi. Yeye aangalie mikate yake isiungue. Wewe endelea kuangalia, sikunyimi, lakini asikae na wewe.

Usije ukadhani nina wivu. Nasema tu.

Baba yako, na huna mwingine

*

11 Machi

Baba,

Shikamoo. Jino limeanguka lenyewe, nikalimeza kwa bahati mbaya. Mama anasema halina madhara.

Nilimsomea Baba Mkate barua yako yote. Alikuwa ndiyo karudi kutoka kuoka, ana unga mpaka ndani ya masikio. Akasema, "Baba yako ana haki. Mtu ukiahidiwa, umeahidiwa." Akachukua kigoda chake akaenda kukaa koridoni. Akauliza kutoka huko, "Kusikiliza nako kumekatazwa?" Nikaitazama barua, haikusema kitu. Basi anakaa pale, kaupa mlango mgongo, anasikiliza.

Taabu yake anauliza sana.

"Nani huyo analia?"

"Manjano. Kanyang'anywa mkanda, hawezi kujigeuza tena."

"Masikini! Na nani?"

"Na malkia wa madubwana. Nyamaza basi."

Mama akapita na beseni la nguo, akamruka miguu, akasema, "Mimi nimeolewa mara mbili, na mara zote mbili na mtoto."

Koridoni kuna upepo na yeye kifua chake si kizuri. Nimemletea shuka.

Umeuliza kuhusu kiti. Hajawahi kukikalia. Nakikalia mimi. Na mlio nafanya mimi, na ngumi nainua mimi, kwa hiyo inakuwa kazi nyingi.

Halafu nikwambie, Bluu anamchukia Wa Fedha bila sababu. Akikaa nao mezani Bluu anasimama. Akisema jambo Bluu anatia kijembe. Mimi naona ana kisirani tu, maana Wa Fedha hajachukua kiti cha mtu.

Binti yako

*

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya jino. Huku kumekuwa na mvua, mashimo ya lifti yamejaa maji, tunateka kwa ndoo kama tunazamisha na kuokoa meli kwa wakati mmoja. Mimi mzima.

Hilo la Bluu nimeliona. Usidhani mimi ni fundi wa lifti tu sijui kusoma.

Nikwambie ukweli? Nilitaka huyo mtu wako akasirike. Nilitaka atupe barua, apige mlango, ili niseme, mnaona sasa! Kumbe kachukua kigoda akaenda kukaa kwenye upepo. Nimekosa usingizi kwa ajili ya hicho kigoda. Mtu mbaya ningemmudu. Mtu mwema aliyekaa karibu na mwanangu, na mimi niko mbali, huyo nimfanyeje?

Ila nami sikukaa kimya. Nimezipata! Mwenzangu chumbani ana kompyuta, na humo sehemu zote zimo, kwa Kijapani kitupu. Nilianza kuangalia nikawa sielewi kitu, naona watu wanarukaruka tu. Bahati nzuri mpishi wa kantini yetu ana binti wa rika lako, anaijua hadithi nzima. Kila Jumapili mchana anakuja na bakuli la karanga, anakaa ananieleza nani kasema nini. Ana maneno yule mtoto! Juzi mashine zilipoungana kuwa jitu la chuma nikafanya ule mlio wetu, akacheka mpaka karanga zikamwagika. Akasema nifanye tena.

Basi sasa nimefika sehemu ya arobaini, nadhani nimekupita. Kijani kavua kofia yake ya vita kaondoka kikosini, amerudi nyumbani kumwuguza baba yake. Umeiona hiyo? Mwambie na huyo wa koridoni kwamba nimewapita wote.

Baba yako

*

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako hajambo? Nauliza nikijua hakuna atakayejibu.

Mwezi wa nne umepita, wa tano umepita. Nimekuandikia mara mbili. Karani wa ofisini akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Mwanzo nilisema mitihani. Halafu nikasema unaumwa, nikapiga simu, mama yako akajibu, "Mzima, anakula, hataki tu kuja kwenye simu." Hataki tu! Mwanangu, nimekukosea nini?

Sasa nakuuliza kitu na unijibu kama mtu mzima. Barua zangu unapewa? Maana nani anazipokea pale mlangoni asubuhi? Si huyohuyo anayerudi kutoka kazini wakati watu wote wanatoka? Mtu anayejua kukaa kimya koridoni anajua pia kuficha bahasha mfukoni. Sijasema kafanya. Nimesema anajua.

Meneja kaniletea mkataba mwingine, wa miaka mitatu. Nilikuwa nimeshapanga kukataa. Lakini najiuliza, nikimbilie nyumbani kwa nani? Mezani mmetimia. Binti anaye wa kuangalia naye, mama anaye wa kumgombeza. Karatasi iko mbele yangu na kalamu nimeazima.

Baba yako, kama bado

*

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijambo.

Barua zako zote nimepewa, tena Baba Mkate alikuwa ananiletea mpaka kitandani, na ile ya pili aliniwekea juu ya mkate wa moto ili nicheke. Sikucheka. Usimdhanie ubaya, hakuna bahasha aliyoficha. Ni mimi niliyekuwa sitaki kuandika.

Huyo mtoto wa mpishi anakaa wapi? Kulia kwako au kushoto?

Mimi nilimtoa mtu sebuleni kwa ajili yako. Mtu aliyenitafutia diski kwa mguu mji mzima. Nilimsomea barua yako machoni pake, nikamwona anachukua kigoda, na nikajisikia vibaya, lakini nikasema, Baba kasema. Akakohoa wiki nzima. Kumbe wewe umekaa na mtoto wa mtu, mnakula karanga! Umemfanyia ule mlio! Ule mlio haukuwa wa kumfanyia mtu, Baba. Na umefurahi umenipita. Ulisema tutamaliza pamoja, halafu umekimbia mbele unanipungia mkono.

Nilipoisoma barua ile nilitoka koridoni nikamwambia Baba Mkate, "Ingia." Akasema, "Baba yako hajaruhusu." Nikasema, "Baba yangu ana mtoto mwingine." Akasema, "Hilo si kweli na wewe unajua." Lakini aliingia. Akakaa sakafuni, kwenye kiti hakutaka.

Tumeangalia mpaka sehemu ya arobaini na tisa. Ya mwisho sijaiangalia. Usije ukadhani nimekuwekea wewe. Ni kwamba sitaki iishe.

Mama anasema huu wivu ni wa ukoo wenu, kwamba wewe uliwahi kumnunia siku mbili kwa sababu alimsifu kinyozi. Anasema nimeurithi pamoja na hizi nyusi.

Mkataba saini ukitaka.

Binti yako

Usisaini.

*

4 Julai

Mama yangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nilisoma barua yako kantini, nikacheka hadi wenzangu wakageuka, halafu ikabidi nitoke nje maana kicheko kiligeuka kitu kingine. Mwanangu ana wivu juu yangu! Samahani, sipaswi kufurahi. Nimefurahi. Miezi yote hii nilidhani ni mimi peke yangu ninayeungua.

Mtoto wa mpishi anakaa mlangoni, kwa sababu mama yake, yule mpishi, anataka amwone kutoka jikoni. Ndivyo ilivyo, lakini haiondoi kosa. Nilikufungia wewe mlango, mimi nikapitia dirishani. Nilikuwa na hamu na wewe, na yule alikuwa na urefu kama wako na kicheko kinachofanana na chako, basi nikajidanganya Jumapili hadi Jumapili. Tangu nipate barua yako sijafungua ile kompyuta.

Sikusaini. Meneja kanuna. Mkataba wa zamani unaisha mwezi wa kumi na moja, lakini nimeomba likizo ya mwezi wa nane nije nikuone kwanza.

Mwambie Baba Mkate (naandika jina lake, umeona?) kwamba nilimdhania mwizi wa barua na namwomba radhi. Mwulize kama naweza kuja sebuleni kwake mchana mmoja. Usimwambie kwamba bado roho inaniuma nikifikiria ule mkate wa moto kitandani. Hilo libaki kati yetu.

Baba yako

*

28 Septemba

Baba,

Shikamoo. Umefika salama? Lifti zilikukumbuka? Mama anakusalimu, anasema umesahau soksi, na soksi zenyewe anaomba usizifuate.

Nimekaa siku nyingi bila kuandika, na safari hii nakueleza mwenyewe kabla hujaanza kumtuhumu mtu. Nimenuna.

Mchana ule ulipokuja likizo nilikuwa nimeupanga wote kichwani. Nilikusafishia kiti, nikaweka diski ya mwisho, nikakaa katikati yenu. Uliingia ukampa Baba Mkate mkono. Mlisalimiana kama watu wawili wanaogombea nyumba. Nikasema moyoni, haya, leo pataharibika, na mimi ndiye nitakayewaamua.

Halafu sehemu ikaanza. Malkia alipomkamata Wa Fedha na Bluu akajitupa mbele yake kumkinga, Baba Mkate akasema Bluu kabadilika. Wewe ukasema hajabadilika, alikuwa hivyo tangu mwanzo, ila alikuwa hajui aseme nini. Baba Mkate akasema, "Basi angesema mapema, watu wasingeumia." Ukasema, "Mdomo ulikuwa mzito, kaka." Mimi nilikuwa nawatazama nyinyi badala ya televisheni, mpaka jitu la chuma likaanguka baharini bila mimi kuliona.

Mpaka hapo sikuwa na neno. Lakini ilipoisha! Ukamwuliza ile mashine ya Manjano inaungana vipi begani, akaleta unga, mkaanza kuifinyanga mezani. Wewe unamweleza habari za nyaya na magurudumu, yeye anakueleza kwa nini unga mkavu unapasuka. Nikawaonyesha jino langu jipya, mkasema "zuri" bila kugeuka. Mama akaita chakula mara tatu. Kesho yake ulipokuja nilikufungulia mlango, ukaniuliza, "Baba Mkate yupo?" Baba! Ndilo neno la kwanza. Mkaenda kwa yule fundi televisheni kutafuta filamu nyingine ya kikosi, mkaniletea karanga.

Leo kapokea barua yako, yake peke yake, kurasa nne. Anaisoma jikoni, anacheka mwenyewe, nikichungulia anaikunja. Nimemwuliza mmeandikiana nini, kasema, "Mambo ya watu wazima." Mambo ya watu wazima gani yana picha ya roboti?

Mama ananitazama, anasema, "Sasa ni zamu yako, mwanangu. Kigoda kile pale."

Basi sikiliza. Mwezi wa kumi na moja ukishuka kwenye basi, mimi ndiye nitakayekuja kukupokea, na nitakuja peke yangu. Utakaa na mimi kwanza, siku nzima, nikueleze yote niliyokuwekea. Baada ya hapo ndiyo utamtafuta huyo rafiki yako.

Binti yako, wa kwanza