Odero Ameacha Ruleti

Namuwongo, Kampala

Dada yangu Aluoch,

Sisi tu wazima. Cherehani uliyonitumia ilifika salama, nami nimeshaanza kushona sare za shule.

Habari njema ni kwamba mume wangu ameacha ruleti, ile kamari ya gurudumu la namba. Unalikumbuka lile jedwali alilotengeneza kwenye kompyuta, akijaza kila namba iliyotoka kasino ili ajue itakayofuata. Mwaka mzima nilimwambia, "Baba Byron, gurudumu halikumbuki namba ya jana." Alinijibu kwamba mimi sijui hesabu.

Jumamosi alimleta Docus, mwanamke aliye mhasibu kazini kwao, alikague jedwali hilo. Niliwapikia chai. Docus alilitazama kidogo, akatabasamu, akasema, "Odero, gurudumu halikumbuki namba ya jana." Mume wangu akalifuta jedwali lote mbele yetu. Akamshukuru kwa kumfungua macho.

Sasa anarudi nyumbani mapema na majirani wananipongeza. Ila tukikaa mezani anasema, "Yule Docus ana akili sana," nami nainuka kwenda kuosha vyombo kabla sijamaliza kula. Dada, kuna siku natamani arudi kasino.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Loice